SPIKA ZA DARINI: PANGA NYAYA KABLA YA MISUMARI

Nikitaja spika usije ukadhani nataka kukupeleka Bungeni. Spika ninayoisema hapa haivai joho wala haimwamuru mtu aketi. Ni ile inayotoa sauti, na hasa ile ya mviringo inayotiwa ndani ya dari, ikabaki kuonekana kama sahani nyeupe yenye vitundu vidogo vidogo, hata mgeni akiingia anajiuliza muziki unatoka wapi. Wengi wetu tulizizoea hotelini na kwenye maduka makubwa. Sasa zimeingia hata majumbani, na watu wanaojenga wanaulizana: hivi vitu hufungwaje?

Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi nyaya za spika hizo zinavyopangwa chumba kwa chumba. Spika zenyewe sitazisema sana, maana hizo ni za kununua dukani na ukichoka nazo unazing'oa na kuweka nyingine. Nasema nyaya. Waya ukishafunikwa na dari, umefunikwa. Kuufikia tena ni kuvunja bodi, kutindua lipu, kupaka rangi upya na kugombana na mwenye nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa stima nao husema usipopitisha waya utabomoa dari, na hapo wala si fumbo.

Mengi ninayoyaandika nimeyapata kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia mambo ya nishati hapa Kenya. Likizo ya Aprili nilimbebea ngazi na vifaa katika nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Mengine nimeyatoa katika darasa la fizikia.

Kwanza tuelewe spika inafanyaje kazi, japo kwa ufupi. Ndani yake mna sumaku, na karibu na sumaku mna koili ya waya mwembamba iliyoshikizwa kwenye koni ya karatasi au plastiki. Mkondo wa stima kutoka kwa amplifaya ukipita katika koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inaitikisa hewa, na mtikiso huo ndio masikio yetu yanauita sauti. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani zafuata mtindo huo. La kushika hapa ni hili: waya wa spika haubebi habari tu. Unabeba ile nguvu yenyewe ya kuisukuma koni. Ndiyo maana unene wake, urefu wake na jinsi ulivyounganishwa ni mambo ya kupigia hesabu.

Basi mjomba hakuanza na waya. Alianza na karatasi ya miraba kama zile za grafu zetu, mraba mmoja ukawa nusu mita. Akachora vyumba, milango, madirisha, mahali pa makochi, mahali pa vitanda, mahali pa taa. Halafu akamwuliza mwenye nyumba maswali ambayo mimi niliyaona ya ajabu. Nani hukaa hapa? Huketi, husimama au hulala? Husikiliza nini, na saa ngapi? Mwalimu akacheka, akasema amekuwa kama yumo katika mtihani. Lakini maswali hayo yana sababu yake, nayo ni jometri.

Spika nyingi za darini humwaga sauti zake nyembamba, zile zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno, katika umbo la pia linalofunguka kwa pembe ya takriban nyuzi 90. Sauti nzito husambaa kila upande, hizo hazina shida. Sasa fikiria dari iliyo mita 2.7 kutoka sakafuni. Mtu aliyeketi kwenye kochi masikio yake yako kama mita 1.2 juu ya sakafu. Tofauti ni mita 1.5, na kwa pembe hiyo ya nyuzi 90 spika moja hufunika duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.5. Mtu aliyesimama jikoni yuko karibu zaidi na dari, kwa hivyo duara lake ni dogo. Aliyelala kitandani, masikio mita 0.7 hivi, anapata duara la mita 2, yaani spika moja inatosha kitanda kizima na kiti cha mgeni kando yake.

Sebule ya Mwalimu ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4.5. Mjomba akaweka alama mbili katikati ya upana: ya kwanza mita 1.5 kutoka ukuta mmoja, ya pili mita 1.5 kutoka ukuta wa pili. Duara mbili za mita 3 kila moja zikapakana kama macho ya miwani. Pembeni panabaki sehemu zisizofikwa vizuri, lakini huko ndiko kuna mlango na kabati la vyombo, na vyombo havisikilizi taarifa ya habari.

Alama ikishawekwa karatasini, lazima mtu apande juu atazame. Dari nyingi za kwetu zimeshikwa na mbao za mbili kwa mbili zilizopigwa misumari chini ya kenchi. Spika ya inchi sita na nusu huhitaji tundu la kama sentimita 20 na nafasi ya kama sentimita 10 juu yake. Ikiwa alama imeangukia mbao, sogeza alama. Usikate mbao. Mbao ndiyo iliyoshika dari, na hakuna muziki mtamu wa kufidia bodi iliyomwangukia mtu kichwani.

Jikoni alikataa mke wa Mwalimu mwenyewe. Wao hupikia kuni mara nyingi, na alisema moshi utaimaliza spika kabla haijafikisha mwaka. Nadhani alikuwa na haki. Veranda aliitaka Mwalimu kwa moyo wote, maana ndipo anapowakaribisha wageni jioni za wikendi. Hapo kuna sharti moja, kwamba spika ziwe za kustahimili unyevu, na Kericho ni nchi ya mvua ambayo hamna asiyeijua. Kikabaki chumba cha mwisho wa ukumbi, chumba cha nyanya.

Nyanya huyo ni mama yake Mwalimu. Macho yake yamekwisha, na miguu inamtaabisha hata kufika sebuleni ni safari. Mwalimu, kwa kuwa pesa zilikuwa zimekaza, alimwambia mjomba hivi:

"Fundi, chumba cha mama tukiache. Nitamnunulia redio ndogo ya betri."

Mjomba akamjibu, "Mwalimu, nyumba ni yako, utakavyo ndivyo. Lakini mama mwenyewe umemwuliza?"

Wakaenda kumwuliza, nami nikafuata na ule mchoro mkononi. Nyanya akasema, "Redio ninayo. Mimi nataka kusikia kile nyinyi mnachokicheka huko."

Kumbe ndiyo hivyo. Jioni watu wa nyumba hiyo hukusanyika mbele ya runinga kutazama taarifa ya Kiswahili ya saa moja na michezo ya kuigiza inayofuata. Yeye yuko chumbani anasikia vicheko tu, hajui cha kuchekesha ni nini. Redio ya peke yake haiwezi kumpa hilo, maana alichokosa si sauti. Nilitambua pale kwamba yale maswali ya mjomba hayakuwa ya jometri peke yake.

Lakini kutaka ni jambo moja na fizikia ni jambo jingine. Naomba sasa msomaji unifuate polepole, maana hapa ndipo watu wengi hupotezea pesa.

Spika nyingi za nyumbani huandikwa omu 8. Omu, kama tujuavyo, ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinazuia mkondo. Omu 8 ni jina la jumla tu, kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopigwa, lakini kwa hesabu zetu latosha. Amplifaya ya kawaida ya nyumbani ina pande mbili, kushoto na kulia, na nyuma yake pameandikwa kiwango cha chini inachokubali, mara nyingi omu 4. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba katika upande mmoja, ukinzani unakuwa nusu, omu 4. Amplifaya imekubali, lakini imefika ukingoni. Ukiongeza ya tatu, 8 kugawa kwa 3 ni omu 2.7. Ya nne, omu 2. Ukinzani ukishuka hivyo, mkondo unapanda, amplifaya inapata moto, na ama itajizima ama itaungua.

Kuna atakayesema, si tuziunge mfululizo basi? Kweli, mbili za mfululizo zinakuwa omu 16 na amplifaya haitalalamika. Tena mfululizo miwili ya spika mbili mbili ikiungwa sambamba, unarudi kwenye omu 8 safi, jaribu mwenyewe katika daftari. Lakini katika mfululizo, spika moja ikikatika zote mbili zinanyamaza, na huwezi kupunguza sauti ya chumba kimoja bila kukigusa kingine. Kwa nyumba yenye watu wa rika mbalimbali hilo ni kuwatafutia watu ugomvi.

Kanisani, msikitini na hata shule nyingi hutumia njia tofauti, ile ya volti 100. Hapo amplifaya hutoa sauti kwa volti za juu, na kila spika ina transfoma yake ndogo ya kushusha. Huhesabu omu tena, unajumlisha wati: spika 10 za wati 6 ni wati 60, na amplifaya yako iwe na zaidi ya hapo kidogo. Njia hiyo ni nzuri kwa umbali mkubwa na spika nyingi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu mjomba aliiona ni kumchinjia kuku ng'ombe.

Rudi basi kwa Mwalimu. Sebuleni spika mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Kila upande umeshachukua omu 8. Nafasi iliyobaki ni ya spika moja tu zaidi kwa kila upande. Veranda ilitaka spika mbili, moja kila upande. Chumba cha nyanya kilitaka spika moja ya pekee, yenye koili mbili ndani, moja inayopokea kushoto na nyingine kulia, ili asikose nusu ya sauti. Hiyo ndiyo namna halali ya kuzileta pande mbili kwenye spika moja. Kuzifunga nyaya za kushoto na kulia pamoja ni kuiua amplifaya, msijaribu. Hesabu yake ikawa ile ile: omu 8 kwa kila upande. Yaani amplifaya ile ingemudu sebule na veranda, au sebule na chumba cha nyanya. Zote tatu kwa pamoja haiwezi.

Vipo vifungo vya ukutani vyenye transfoma ndani ambavyo huifanya amplifaya ione omu nyingi zaidi kuliko zilizopo, na hivyo vyumba vikaongezeka ingawa kila kimoja hupata nguvu kidogo. Lakini unahitaji kifungo cha namna hiyo kila mahali, na Mwalimu angemudu kimoja tu. Mjomba alimwandikia hesabu hizo chini ya mchoro, kisha akanyamaza. Mwalimu alizisoma mara mbili, kama asahihishaye, akachukua kalamu akakizungushia duara chumba cha mama yake.

"Na wageni wangu?" akauliza.

"Waya wa veranda tutaupitisha leo leo," mjomba akasema. "Amplifaya ya pili utanunua siku ukipata."

Hilo ndilo jibu ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kazi hii yote. Mjomba hakuunganisha waya wa chumba kimoja na wa kingine huko darini ili aokoe mita chache. Kila spika ilipata waya wake mzima kutoka kabatini hadi mwisho, bila kiungo katikati. Mafundi wengine hutoka spika hadi spika, kama anayefunga kamba ya kuanikia nguo, na wakishafanya hivyo uamuzi umekwisha, nyumba yote itabaki kusikiliza kitu kimoja kwa nguvu moja mpaka dari ibomolewe. Kila waya ukifika kabatini, uamuzi waweza kubadilishwa pale kabatini kwa bisibisi, hata baada ya miaka 20.

Tuje kwenye unene. Shaba ya urefu wa mita 1 yenye unene wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa takriban omu 0.017. Kutoka kabatini hadi spika ya nyanya, ukipanda ukuta, ukavuka dari, ukashuka kwenye kifungo kando ya kitanda na kupanda tena, ni mita 22. Mkondo huenda na kurudi, kwa hivyo hesabu mita 44. Zidisha kwa 0.017, gawa kwa unene. Fleksi nyembamba ya milimita mraba 0.5 itakupa omu 1.5. Ya 1.5 itakupa omu 0.5. Ya 2.5 itakupa omu 0.3. Mafundi wengi hushika kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, na asilimia 5 ya omu 8 ni 0.4. Ya mwisho peke yake ndiyo iliyopita mtihani.

Nisiwadanganye, fleksi nyembamba nayo ingetoa sauti. Spika ya omu 8 ingepoteza kama asilimia 29 ya nguvu yake njiani, na sikio la binadamu lina tabia ya kusamehe, lisingeona upungufu mkubwa. Lakini kumbuka nilisema ukinzani wa spika hupanda na kushuka. Waya mwembamba hula nguvu nyingi zaidi pale ukinzani wa spika uliposhuka, kwa hivyo sauti nyingine hupungua na nyingine hubaki, na uwiano unaharibika. Tena siku Mwalimu akibadilisha spika akaleta ya omu 4, spika hiyo itapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Tofauti ya bei ya roli moja na nyingine ni ya siku moja. Waya utakaa huko juu labda miaka 30.

Kuhusu kununua, fungua macho. Kuna waya unaouzwa kama wa shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na hukatika upesi ukiukunja. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mwachie mwenye duka waya wake. Mwalimu alihitaji mita 19 za sebule, 22 za veranda, na 44 za chumba cha nyanya kwa kuwa koili mbili zinataka waya mbili. Jumla 85. Ongeza mita 1 ya akiba kila mwisho wa kila waya, nyaya sita, miisho 12, unapata 97. Roli ya mita 100 ikatosha, na mita 3 zilizobaki ndizo tulizofanyia majaribio.

Kupitisha kwenyewe ni kazi ya jasho kuliko ya akili. Chini ya mabati saa sita mchana joto lake ni kama la tanuri, kwa hivyo tulikuwa tukianza alfajiri. Sheria kubwa ni moja: waya wa spika usikae paipu moja na waya wa stima ya nyumba. Stima yetu ni ya volti 240, nayo haina utani. Mjomba alinisimulia nyumba moja aliyoitwa kurekebisha, ambako aliyetangulia alizisukuma zote katika paipu moja ili aokoe pesa. Ganda la waya likachubuka, na chuma cha spika kikawa na stima. Bahati nzuri aliyegundua alikuwa na tesita mkononi. Kwa hivyo sisi tuliacha kama sentimita 30 kati ya nyaya hizo mahali zilipokwenda sambamba, na palipolazimu kuvukana zikavukana kama msalaba. Mimi kazi yangu ilikuwa spika tu. Upande wa stima aligusa yeye mwenye leseni, baada ya kuzima swichi kuu.

Nyaya zote tulizitia kwenye paipu za plastiki kwa sababu ya panya. Panya wa darini hawajui bei ya shaba, wanatafuna tu. Wanaojenga ghorofa, ambako dari ni zege, hao hawana budi kulaza paipu kabla zege halijamwagwa, la sivyo watabaki kuona nyaya zikitambaa ukutani kama mijusi.

Jambo moja ambalo sikulitarajia ni jinsi sauti inavyopita juu ya kuta. Katika nyumba nyingi zetu, ukuta wa chumba huishia penye dari, na juu ya hapo ni uwazi mmoja kutoka mwisho wa nyumba hadi mwisho. Spika iliyo wazi mgongoni humwaga sauti huko juu pia, ikateremka kwenye vyumba vya jirani. Dawa yake ni kuifunika mgongoni kwa kisanduku, na mjomba alivitengeneza kwa mbao akavijaza pamba ya mawe, ile isiyoshika moto. Kwenye chumba cha nyanya pamba hiyo ilitandazwa juu ya dari nzima, maana mvua ya Kericho ikipiga mabati hakuna msomaji wa habari atakayesikika. Haizimi mvua kabisa, lakini inaipunguza makali.

Kifungo cha kuongeza na kupunguza sauti kiliwekwa ukutani sentimita 80 kutoka sakafuni, upande wa mkono wake wa kulia. Kabla ya kuchimba ukuta, tulimwomba nyanya alale kama kawaida yake na anyoshe mkono. Alipogusa ndipo tulipotia alama ya chaki. Kipimo cha vitabuni kingekiweka juu zaidi, asingekifikia.

Siku ya kufunga dari, kabla bodi ya kwanza haijainuliwa, tulipima kila waya. Unasokota ncha mbili pamoja upande wa spika, halafu unapima kwa mita upande wa kabati. Kwa ule wa chumba cha nyanya mita ilisoma omu 0.5. Tukagusanisha ncha za mita yenyewe, ikasoma 0.2. Ukitoa, unapata 0.3, ile ile ya daftarini, nikafurahi kuliko siku ya matokeo. Ukiachanisha zile ncha, mita isisome kitu. Ikisoma, kuna mahali waya umechubuka na nyuzi zimegusana, na hapo ndipo mahali pa kurekebisha, dari ikiwa bado wazi.

Baada ya hapo tukapima chanya na hasi. Spika mbili za chumba kimoja zikipishana, moja ikasukuma hewa huku nyingine inavuta, sauti nzito zinauana na muziki unabaki mwembamba kama wa redio ya mfukoni. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye uzi wenye mstari na hasi kwenye mwenzake. Spika upande wa pili italia "tap", na koni itoke nje. Ikiingia ndani, umebadilisha nyuzi mahali fulani.

Kila mwisho wa waya ulifungwa karatasi yenye jina, ikazungushiwa selotepu. Tulipiga picha za kila chumba kwa simu, tepu ya kupimia ikionekana ndani ya picha, na vipimo vikaandikwa kwenye mchoro kutoka kuta mbili, si moja. Spika ya chumba cha nyanya iko mita 1.4 kutoka ukuta wa dirisha na mita 1.8 kutoka ukuta wa mlango. Nyaya mbili za veranda zimeviringwa juu ya dari, mita 1 kila mmoja, zikiwa na majina yake. Mchoro mmoja amebaki nao mjomba, na nakala yake Mwalimu ameibandika ndani ya mlango wa kabati, kando ya amplifaya. Saa nane mchana bodi zikaanza kupigwa misumari.